Hikmat Ang'ata Mkate wa Safari

Siku ile Hikmat hakuwa na mpango wa kumwibia mtu. Nasema hivi kwa kumtendea haki, maana siku za namna hiyo hakuwa nazo nyingi. Aliingia soko la Kokand na njaa yake ya kawaida, kama mimi na wewe, na angenunua mkate akaenda zake kama yule muuza mikate asingejifunika uso kwa ncha ya kitambaa na kuanza kujichokonoa meno kwa pini.

Muuza mikate aliitwa Oyniso, mjane wa miaka arobaini na mmoja, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko. Kitambaa kilipoteleza, Hikmat akaona: waya za kunyooshea meno, juu na chini, na punje ya ufuta imekwama katikati kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Hapo hapo akajifunika mdomo kwa kiganja. Mtu mwingine angefikiri ni huruma.

"Ufuta, dada?" akauliza kupitia vidole.

"Ufuta wa nani tena?" Oyniso akaficha pini. "Nunua mkate uende."

"Usinionee haya. Mimi mwenyewe nimo humo humo. Jana mbegu ya nyanya imenilaza njaa."

Oyniso akamtazama, kisha akalegea. Ukiwa na siri ya chuma mdomoni, ukampata mwenzako, unasema hata usiyoulizwa. Akamwambia kwamba waya alizitia mpwa wake, daktari wa meno Muqaddas, mwenye kliniki mtaa ule ule anaokaa yeye. Akamwambia wako wanawake watano, marafiki, wote watu wazima, na wote wamewekewa. Akamwambia na la zaidi: kabla ya waya, Muqaddas aliwavua kwanza meno yao ya dhahabu.

"Dhahabu," Hikmat akarudia polepole, kama anayetaja jina la marehemu. "Mkaitupa?"

"Wazimu? Kila mtu ameiweka kwenye kiberiti chake, nyumbani. Zamani msichana bila jino la dhahabu alionekana kwao njaa. Sasa mabinti zetu wanasema tunang'aa kama birika la samovari."

Hikmat akalipa mkate. Hakuula. Njaa ilikuwa imempotea, na sisi tunaomjua tunajua maana yake.

Lazima niseme kitu kuhusu meno ya Hikmat. Yalikuwa meupe, yamenyooka, hayana pengo. Kwa tabasamu lile alishawahi kuuza mashine ya kupima presha isiyo na mashine ndani. Yalikuwa ndiyo duka lake, na alipokuwa na wasiwasi aliyapitisha ulimi, moja moja, kuhakikisha yapo. Jioni ile aliyafanyia jambo la ajabu. Alichomoa vimeremeta kumi na viwili kwenye joho la harusi la dada yake, akakata uzi wa chuma wa gambusi la tanburi, na kwa gundi ya meno ya bandia akajibandikia waya mbele, juu na chini. Kisha akaenda duka la dawa akanunua kijisanduku kimoja cha vifaa vya watu wenye waya. Alikilipia. Ni kitu pekee alicholipia bei kamili mwaka ule, ukiacha ule mkate.

Alhamisi mchana wale wanawake watano walikutana nyumbani kwa Oyniso, kama wafanyavyo kila mwezi, wakipokezana uenyeji. Walikaa chini ya mzabibu, mezani pilau, lozi na sukari ya mawe. Lozi na sukari ya mawe walizitazama tu. Hikmat, kama mwenzao wa waya, akakaribishwa kwa chai.

"Dada zangu," akaanza, akifungua mdomo vya kutosha chuma kumeta, "sisi watu wa waya tunaishi kwa aibu. Tunaalikwa harusini, tunakula supu."

"Supu yenyewe nachuja," akasema Hosiyat, fundi cherehani, mwanamke mpana mwenye sauti pana.

"Sikieni wenyewe! Sasa tazameni." Akafungua kijisanduku, kidogo kama cha sabuni. "Mswaki huu una bonde katikati, unapanda juu ya waya, unapiga pande zote mbili. Hivi vijiburashi vyembamba vinapita chini ya waya na kumtoa mgeni yeyote, awe ufuta, awe wali. Uzi huu una ncha ngumu, unajipenyeza wenyewe. Na hii ni nta: waya ukikukwaruza shavu, unafinyanga kidogo, unafunika. Vyote vinakaa kwenye mkoba. Unatoka msalani, unarudi mezani, unacheka na watu."

Hosiyat akachukua kijiburashi, akageuka ukutani, akarudi na ukoko wa wali uliokuwa humo tangu jana. Wenzake wakapiga makofi.

"Bei gani?" akauliza Oyniso.

Hikmat akainamisha kichwa. "Bei naona haya kuitaja, vinatoka mbali. Lakini mimi sitaki pesa zenu. Dhahabu iliyolala kwenye kiberiti haimsafishii mtu meno. Nipeni hiyo, naenda Tashkent na treni ya saa kumi, Jumapili nawaletea kila mtu kijisanduku chake, na akiba ya miaka miwili."

Wakanong'onezana. Wakatawanyika. Wakarudi na viberiti.

Oyniso alikuwa wa mwisho kukitoa chake. Meno yale alinunuliwa na marehemu mumewe alipojifungua binti yao wa kwanza, na sasa binti huyo anaolewa vuli hii. "Nilimwahidi," akasema, "kwamba siku ya harusi yake nitacheka bila mkono mdomoni. Tangu baba yake afe sijacheka mbele za watu." Akakishika kiberiti kidogo, kisha akakiweka kwenye leso ya Hikmat. Hikmat akaona, na moyo ukamchoma. Akaumwagia chai, ukatulia.

Akaifunga leso, akaitia mfuko wa kifuani, akaaga. Alikuwa ameshafika getini.

"Kaka Hikmat, ngoja!"

Oyniso alikuja na mkate mnene, wa tanuri la asubuhi ile, mgumu ukingoni. "Msafiri hatoki nyumba hii bila kung'ata."

Ukutani, kwenye msumari, ulining'inia mkate mwingine, umekauka kama tofali, na umeng'atwa upande mmoja. Ulikuwa wa Sardor, mwanawe, aliyeko Urusi mwaka wa pili. Unang'ata, unatundikwa, ukirudi unaumaliza. Hikmat alilijua hilo tangu anyonye. Bibi yake alimng'atisha mkate hata alipokwenda kutahiriwa. Na alijua kwamba anayeukataa ni yule tu asiyekusudia kurudi.

Basi asionekane hivyo! Akaushika mkate kwa mikono miwili, akapanua mdomo, akang'ata mbele, kwa moyo wote, akakata nusu mwezi mzima. Akatafuna. Akatabasamu.

Chini ya mzabibu Hosiyat akaweka kikombe chini, akainuka.

Maana kwa miezi minane wanawake wale hawakuwa wameng'ata kitu kwa meno ya mbele. Mkate waliumega punje punje, wakausukuma nyuma kwa kidole. Ndilo neno la kwanza alilowaambia Muqaddas. Hosiyat aliwahi kujaribu tofaa, akalia hadi magharibi. Na huyu bwana ametafuna ukingo wa tanuri na jicho halikumtoka chozi.

Oyniso akautazama mkate. Pale palipong'atwa vilimeta vimeremeta vitatu, na kipande cha uzi wa tanburi kimejikunja. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Ukiuza mikate soko la Kokand unajifunza uso huo mapema.

"Masikini kaka yangu," akasema. "Waya zimekutoka."

"Ala! Kweli," akasema Hikmat. "Si kitu. Nitatengeneza Tashkent."

"Usafiri na mdomo huo, watu waseme Kokand hatuna utu? Muqaddas yuko mlango wa tatu."

"Nitachelewa treni, dada."

"Ni dakika chache," akasema Hosiyat. Alikuwa amesimama getini, na Hosiyat akisimama getini, geti limefungwa.

Hikmat akapiga hesabu ya haraka. Akikataa, wataulizana kwa nini. Akikubali, atabandikwa, atapanda treni, atabandua njiani. Oyniso akautundika mkate msumarini kando ya ule wa Sardor, na msafara ukaondoka, Hikmat katikati kama bwana harusi.

"Mwanangu," Oyniso akamwambia daktari, "huyu ni mwenzetu. Waya zake zimetoka. Mrudishie zote. Juu na chini, mpaka magego."

Muqaddas akachukua kimeremeta kilichobaki mdomoni mwa Hikmat kwa koleo ndogo, akakiangalia kwa muda mrefu. Joho lake la harusi lilikuwa navyo mia tatu. "Nani alikutengeneza?"

"Daktari mmoja wa Samarkand."

"Yupo bado?"

"Alihama."

"Afadhali. Fungua." Akayatazama meno yale yaliyonyooka kama safu ya askari. Akamtazama shangazi yake. "Kesi ngumu," akasema. "Ngumu sana. Miaka miwili."

Gundi ya Muqaddas haikuwa ya meno ya bandia. Aliipaka, akaimulika kwa taa ya buluu, jino baada ya jino, na Hikmat, mdomo umetanuliwa kwa plastiki, akasikia treni ya saa kumi ikipiga honi na kwenda zake. Waya ulipokazwa, akalia. Kilio cha kweli. Hata yeye kilimshangaza.

"Sasa malipo," akasema Muqaddas.

"Shina peshah," akasema Hikmat, ulimi ukigonga chuma.

"Pesa nani ameitaja?" akauliza Oyniso kwa upole. "Dhahabu iliyolala kwenye leso haimsafishii mtu meno."

Hikmat akatazama mlango. Hosiyat alikuwepo. Akaitoa leso. Viberiti vikawekwa juu ya trei, na kila mwanamke akachukua chake, kama mtu anavyotafuta viatu vyake mlangoni.

"Kila mwezi uje nikaze," Muqaddas akamwambia. "Usijaribu kuvuta mwenyewe. Waya unatoka na jino."

Hikmat akayapitisha ulimi, moja moja. Yalikuwepo yote. Yalikuwa yamefungwa.

Jumapili alionekana getini kwa Oyniso. Angekwenda wapi? Alikuwa hajala siku tatu ila supu, tena ameichuja.

"Umerudi," akasema Oyniso. Akautungua mkate msumarini, mgumu sasa kuliko Alhamisi, akauweka mbele yake na birika la chai. "Maliza."

Akaumega punje punje. Akalowesha, akasukuma nyuma kwa kidole, mchana kutwa, akiguna kwa maumivu. Alipomaliza, punje ya ufuta ilikuwa imekwama mbele, katikati kabisa, na hakuna ulimi ulioweza kuing'oa.

"Dada," akasema, mkono mdomoni. "Kile kijisanduku changu. Nilikisahau hapa."

"Kipo," akasema Oyniso. "Kinauzwa."

"Lakini ni changu!"

"Bei naona haya kuitaja. Kinatoka mbali." Akamwonyesha magunia ya unga kando ya tanuri. "Ukibeba yale hadi sokoni kesho, na kesho kutwa, tutaongea."

Hikmat akayatazama magunia, akamtazama Oyniso, akafungua mdomo ajitetee, na ule ufuta ukaonekana wazi mbele ya chuma chote kile.

Oyniso akacheka. Alicheka hadi akaegemea mzabibu, kinywa wazi, waya zote nje, na mikono yake miwili ilikuwa chini.