Jiwe la Awamu ya Nne

Kwa niaba ya Kamati ya Matayarisho ya Awamu ya Nne, nina heshima kuutangazia umma kwamba Mheshimiwa Pantaleo Makoye, mbunge wetu, alikubali mwaka 1995 kugombea tena ubunge. Alikubali shingo upande. Kwa mtu wa hadhi yake ubunge ulikuwa kituo cha basi tu: unashuka, unanunua karanga, unapanda tena. Safari yenyewe ilikuwa ya Ikulu, mwaka 2005, pindi Rais wa Awamu ya Tatu atakapomaliza vipindi vyake viwili. Huyo wa Awamu ya Tatu wakati ule alikuwa hata hajachaguliwa, lakini Kamati haikutaka kuchelewa.

Katibu wa Kamati nilikuwa mimi, Valerian, mzaliwa wa Mwabulenga, kijiji kimoja na Mheshimiwa. Nilikuwa nimeahidiwa cheo kikubwa Ikulu, na kwa kujiandaa nikaanza kutembea mikono nyuma. Mjumbe wa tatu, na wa mwisho, alikuwa Bwana Deepak, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kahama, aliyetupatia chumba cha stoo na mifuko ya saruji ya kukalia. Dereva wetu Taufiq hakupewa ujumbe. Aliwahi kuchimba dhahabu Geita, na mdomo wa machimboni ulikuwa haujamtoka.

"Bosi," aliniambia siku ya kwanza, "kule kwenye maduara ya dhahabu, ukigawa mgao wakati shimo hata hujalichimba, wenzako wanakuita chizi."

Nilimwandikia barua ya onyo.

Kamati ilifanya kazi usiombe. Waraka Na. 3 ulimkataza Mheshimiwa kutaja kijiji chochote cha jimboni, ili mikoa mingine isione wivu. Waraka Na. 5 ulihusu kupunga mkono: kiganja wazi, kiwiko kisivuke bega, tabasamu nusu. Mheshimiwa alifanya mazoezi mbele ya vioo vya kuuza vya Bwana Deepak, na wateja wawili walioshuhudia wakaondoka bila kununua. Waraka Na. 7 niliuandika kwa mkono wangu, na naujutia hadi leo. Ulisema: "Mheshimiwa haamkii, anaamkiwa." Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na jimboni wazee walikuwa tele, lakini nilieleza kwamba Rais ni mzazi wa wote, na mzazi hampi mwanawe shikamoo.

Sasa nije kwenye mapokezi ya mwezi Machi.

Asubuhi moja tulikuwa tunatoka Kahama kuelekea Geita, ambako Mheshimiwa alikuwa anakwenda kupigwa picha na wachimbaji wadogo, yeye akiwa ameshika sururu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Tulipokaribia Mwabulenga tukawaona watu wanakimbia kutoka kila upande, wanaume, wanawake, wazee, wengine na majembe, wengine na makarai kichwani, wote wakipiga makelele na kukatiza barabara mbele yetu.

"Mapokezi," alisema Mheshimiwa kwa unyenyekevu. "Nani kawaambia napita?"

"Wanahisi tu, Mheshimiwa," nikamjibu.

Akateremsha kioo, akapunga mkono kwa mujibu wa Waraka Na. 5. Mzee mmoja akasogea dirishani, anahema, akasema, "Mheshimiwa, lambo! Lambo linabomoka!"

"Asanteni! Asanteni sana!" akajibu Mheshimiwa, na gari likapita. Kati ya wale wenye makarai nilimwona mama yangu. Nilimpungia na yeye.

Lambo ni bwawa la kunyweshea mifugo. La Mwabulenga walilichimba wenyewe kwa majembe, na kiangazi hakuna maji mengine mpaka utembee nusu siku. Siku ile waliupigania ukingo hadi jioni, wakaokoa nusu ya maji. Nusu nyingine ilikwenda zake. Mheshimiwa alipiga picha nzuri sana na sururu.

Kampeni zilipoanza, Kamati ilishuhudia jambo la kihistoria. Tulipoingia Mwabulenga, hakuna aliyepiga vigelegele. Hakuna aliyesogea. Mheshimiwa alisema "Mwadila!", salamu yetu ya mchana ambayo Waraka Na. 7 haukuigusa, na watu mia nne wakamtazama bila kufungua kinywa. Alihutubia saa nzima juu ya sera ya mambo ya nje. Hakuna aliyeuliza swali, hakuna aliyeguna, hakuna aliyetuletea hata kata ya maji. Tulipoondoka, watoto wa shule waliokuwa barabarani walitugeuzia migongo.

Niliandika kwenye taarifa: "Wananchi wameanza kumpa Mheshimiwa heshima ya kirais. Wanaogopa hata kumsemesha."

"Bosi," alisema Taufiq, mikono kwenye usukani, "hawa wamewatenga."

"Wametutenga na nani?"

"Na watu."

Nilimwandikia onyo la pili. Lakini alikuwa amenigusa mahali. Kwetu, yowe la hatari linaitwa mwano. Mwano ukipigwa unaacha ugali mezani, unaacha hata mgeni, unakimbilia kule unakotoka. Ukisikia ukapita, Sungusungu, walinzi wa kijiji, wanakuweka pembeni: hakuna wa kukuamkia, wala kukuitikia, wala kukupa moto au maji, mpaka ulipe dume la ng'ombe liliwe na kijiji kizima. Hayo niliyajua tangu utotoni. Ila Katibu wa Kamati ya Awamu ya Nne hana utoto.

Nilikwenda peke yangu nyumbani kwa mama. Nilimkuta anapepeta mpunga.

"Shikamoo, mama."

Akaendelea kupepeta. Nikarudia. Akapuliza makapi, yakanirukia kwenye suti. Nikakaa kwenye kigoda karibu saa nzima, nikitazama zizi lake lililokuwa na ng'ombe wawili, sasa tupu. Jirani ndiye aliyenieleza, naye hakuniambia mimi, aliuambia ukuta kwa sauti mimi nikiwapo: walikufa Agosti, njiani, wakipelekwa kutafuta maji. Kwenye taarifa niliandika kwamba wazazi wa wajumbe nao wamepokea vizuri itifaki mpya. Nilipomaliza kuandika nilijiona mjinga, na sijapata neno la kiserikali la hali ile.

Mheshimiwa, kwa upande wake, alifurahi. Aliamua kuipa Mwabulenga zawadi: atazindua lambo. Kwamba lambo lilikuwapo tangu mwaka sabini na nne, na ukingo wananchi walishauziba wenyewe, Kamati haikuona kuwa ni kikwazo. Bwana Deepak akachongesha jiwe.

"Tarehe niandike ngapi, Mheshimiwa?"

"Acha wazi. Tutaijaza nikishaapishwa."

"Miaka kumi, Mheshimiwa? Mimi naweka jiwe bure, sawa, lakini fundi anauliza, huyu mtu kafa?"

Jiwe lilikuwa la urefu wa mlango. Liliandikwa: LAMBO HILI LIMEZINDULIWA NA MTUKUFU RAIS WA AWAMU YA NNE, NDUGU PANTALEO MAKOYE, TAREHE. Halafu nafasi.

Jumamosi, siku nane kabla ya kura, tulilipakia kwenye Landrova tukaondoka. Mvua ya kwanza ya vuli ilitukuta njiani. Barabara ya Mwabulenga inapita korongo chini ya lambo, na udongo wa pale ni mweusi wa mbuga, ukilowa unameza. Taufiq alisema tuliache jiwe kabla ya kuvuka. Mheshimiwa akamuuliza kama alishawahi kuona Rais anaacha jiwe lake. Tukaingia. Katikati ya korongo magurudumu ya nyuma, yaliyobeba jiwe, yakazama mpaka kwenye ekseli.

Maji yakaanza kuja. Kwanza ya kulowesha viatu.

"Katibu," alisema Mheshimiwa, "itisha msaada."

Nilipiga honi. Juu ya ukingo palikuwa na wachungaji watatu. Walitutazama, wakawageuza ng'ombe, wakaondoka. Nilipiga tena. Maji yakafika mlangoni, yakaingia ndani, yakachukua nakala zote za Waraka Na. 3. Gari likayumba. Mheshimiwa hakujua kuogelea, na mimi pia.

"Honi hapa haisaidii kitu," alisema Taufiq. Kwa mara ya kwanza hakuwa akitania. "Nyie ndio wa hapa. Pigeni mwano."

"Waraka unasemaje?" aliuliza Mheshimiwa.

"Hakuna waraka, Mheshimiwa."

Alipanda juu ya boneti, suti yake ya bluu imemganda mwilini, akaweka mikono mdomoni. Sauti ya kwanza ilikuwa ya bungeni, haikufika hata ng'ambo. Ya pili ilikatika. Ya tatu ilitoka kama alivyofundishwa akiwa mtoto wa kuchunga, ndefu, ya kutisha, na mimi nikajikuta naipokea.

Wakaja. Sijui niseme nini zaidi. Wakaja wote, mbio, na majembe na kamba na makarai, kama siku ile ya mapokezi. Mbele alikuwa Mzee Masalu, mtemi wa Sungusungu, na upinde mgongoni. Alikuwapo Mwalimu Juliana, mgombea wa upinzani, kanga imefungwa kiunoni, matope magotini. Alikuwapo mama yangu. Hawakutusemesha. Walifunga kamba, wakatutoa sisi kwanza, halafu wanaume wanane wakaliteremsha jiwe kulipunguzia gari uzito, na gari likavutwa mpaka nchi kavu.

Jiwe likabaki pale kwenye matope, maandishi juu. Mzee Masalu alilizunguka.

"Mwalimu, soma."

Mwalimu Juliana akasoma, kwa sauti ya darasani, mpaka kwenye ile nafasi wazi.

"Huyo Rais wa nne anakuja lini?"

"Elfu mbili na tano, mzee."

"Miaka kumi." Mzee alifikiri. "Basi mpaka aje, jiwe likalale pale kwenye kona ya ukingo inayovuja. Limekaa vizuri, pana hivi. Maandishi yatazame chini, ng'ombe wasiteleze."

Lilipokwisha kulazwa, Mzee Masalu akatugeukia. Watu wakatengeneza duara.

"Mwezi wa tatu mwano ulipigwa," alisema. "Tulikwambia dirishani. Ukasema asante. Leo umepiga wewe. Tungeweza kukaa. Lakini mwano hauulizi nani kapiga, ndiyo maana tumekuja. Sasa anza na salamu."

Mheshimiwa alinitazama. Mimi niliangalia matope. Waraka Na. 7 nilikuwa nao mfukoni, umelowa chapachapa.

"Shikamoo, mzee," alisema Mheshimiwa.

"Marahaba."

Basi hapo ndipo midomo ilipofunguka. Kila mtu akawa anamsalimia kila mtu, ungedhani tumerudi kutoka vitani. Nilisogea kwa mama, nikainama.

"Shikamoo, mama."

Alinipangusa tope shavuni kwa kiganja chake, kwa nguvu, kama ananikwangua.

"Marahaba. Umekonda, Valerian." Halafu akanipa jembe, maana kona ile ilikuwa haijashindiliwa.

Dume la Mheshimiwa, lililokuwa likinoneshwa kwa sherehe ya ushindi, lililiwa kesho yake, Jumapili, na kijiji kizima. Mheshimiwa alikula maini akacheka na wazee. Aliniambia pembeni kwamba shida ile ilikuwa baraka, kijiji kimerudi mkononi, niiandike Mwabulenga yote kwenye hesabu yetu. Kwa uhakika zaidi akamwendea Mzee Masalu.

"Kwa hiyo, mzee, tuko pamoja?"

"Tuko pamoja, mwanangu. Salamu tumekurudishia."

"Na kura?"

"Kura ni habari nyingine," alisema Mzee Masalu, akaomba chumvi.

Tulipiga kura zetu palepale shuleni Mwabulenga, ambako mimi na Mheshimiwa tuliandikishwa. Matokeo yalibandikwa mlangoni. Mwalimu Juliana, kura mia nne na kumi na mbili. Mheshimiwa Pantaleo Makoye, kura moja. Vituo vingine havikuwa hivyo, lakini havikutosha kumwokoa.

Mheshimiwa aliisoma ile karatasi mara tatu. Kisha akanishika mkono akanipeleka nyuma ya darasa, tukawa sisi wawili tu.

"Moja," alisema. "Valerian, mimi nilijipigia."

"Hongera, Mheshimiwa."

"Ya kwako iko wapi?"

Nilinyoosha suti, nikaweka mikono nyuma, kama ilivyompasa Katibu.

"Kura ni siri, Mheshimiwa," nikamjibu. "Hata Rais haruhusiwi kuuliza."