Gari la Picha Ishirini na Nne

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Ushauri

Yah: Malalamiko dhidi ya tahadhari zenu nane za kununua gari kuukuu mtandaoni bila kuliona, ambazo nimezifuata zote

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti kilichofungwa vizuri. Mimi naiandika nikiwa ndani ya gari langu, kwenye kiti cha mbele cha abiria, ambacho ni cha plastiki, cheupe, cha aina ile inayokodishwa kwenye sherehe, na kimefungwa kwa kamba ya katani. Hakijanimwaga hata mara moja, kwa sababu gari lenyewe haliendi mbele.

Kabla sijalalamika nijitambulishe, maana mlalamikaji asiyejulikana ni kelele tu. Mimi ni mpokea mizigo katika bohari ya hospitali, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kazi yangu ni kutoamini. Boksi likija limeandikwa mashuka hamsini, nalifungua, nayakunjua yote hamsini, nayatazama pande zote mbili, ndipo nasaini. Madereva wa malori wamenipachika jina la Fungua Tuone. Mmoja wao alisema siku nikifa, malaika atakayekuja kuichukua roho yangu nitamdai kwanza hati ya makabidhiano. Alidhani amenitukana, kumbe nilienda kumsimulia mke wangu.

Mtu huyo, Ndugu Mhariri, ndiye aliyenunua gari bila kuliona. Wanasema mganga hajigangi. Mimi nilijiganga, tena kwa dawa yenu.

Sikununua kwa fahari. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, na mdogo wake wanakaa mtaa mmoja, nyumba ishirini na mbili kati yao, na hawajaonana miaka sita. Ugomvi ulikuwa wa mfuniko wa sufuria. Mama aliazima sufuria ya mdogo wake pamoja na mfuniko, ikarudi haina, akalaumiwa. Mama akaapa mbele ya majirani, "Miguu yangu haitakanyaga kwako tena, na uso wangu hautaelekea mlango wako!" Mama mdogo akajibu kwamba anayemtaka atamkuta palepale, yeye si mfuniko wa kupotea. Na kwetu kiapo si mchezo. Sasa mama mdogo macho yanafifia, na daktari amesema mwaka huu ukiisha huenda asimtambue mtu aliyesimama mbele yake. Kila jioni mama akinipakulia chakula huniuliza, kama vile anauliza habari za mvua, "Yule macho yake vipi?" Kisha anageukia ukutani. Inaniuma, nisikufiche.

Mara mbili nilimkodia teksi. Teksi ya nyumba ishirini na mbili! Dereva wa kwanza alidhani namtania. Mara zote mbili, walipokata kona ya duka la dawa, mama aliona uso wake unaelekea kulekule alikoapa, akamwamuru dereva ageuze. Nikajiambia, teksi ni ya watu, mtu anaweza kuiamuru, lakini gari la mwanao utalionea haya. Wiki hiyohiyo mkachapisha makala yenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlisema mnunuzi asiridhike na picha mbili tatu. Nilidai ishirini na nne. Nilizichapisha kazini, nikazipanga mezani, nikazikagua siku tatu kwa kioo cha kukuzia. Picha hazikuwa na kasoro. Hata moja haikuwa na mkunjo. Nikazigonga muhuri wa IMEPOKELEWA IKIWA NZIMA. Zote zilipigwa upande wa kushoto, na hilo niliona, ila nikajiambia gari ni kama mtu, ukishaona sikio moja la pili unalijua. Upande wa kushoto ni wa bluu ya kupendeza. Wa kulia, nilipokuja kuuona, ni mweupe, na mlango wake wa nyuma umetolewa kwenye gari jingine ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa kubwa zaidi.

2. Mlisema nimtumie fundi ninayemwamini. Hamkusema fundi wa nini. Fundi ninayemwamini kuliko wote ni jirani yangu, fundi majokofu. Nilimpigia muuzaji simu, akaliwasha gari, fundi akaweka simu sikioni, akafumba macho kwa muda mrefu, akasema, "Kaka, hilo halivuji gesi." Na kweli, mpaka leo halivuji.

3. Mlisema niombe video ya gari likitembea. Nilitumiwa. Lilikuwa linakwenda kwa madaha, kimya, nikamsifu muuzaji kwa injini isiyo na makelele. Lilikuwa linateremka kilima. Hakuna popote mlipoandika niombe video ya kupanda.

4. Mlisema nimuulize muuzaji kwa nini anauza. Akanijibu, "Mzee wangu, kwa kweli limenishinda." Jamani! Mkweli wa namna hiyo utampata wapi siku hizi? Nilimwonea huruma hadi nikasahau kuuliza limemshinda nini.

5. Mlisema bei ikiwa chini mno nishtuke. Nilishtuka. Nikamwandikia kwamba bei yake inaninyima usingizi, je, hawezi kuipandisha kidogo? Alikaa kimya kama dakika kumi hivi, nadhani akishauriana na dhamiri yake, kisha akapandisha bila kinyongo. Nililala fofofo.

6. Mlisema nisikubali kuharakishwa na maneno ya "wapo wengine wanaolitaka". Aliponiambia kuna mwalimu anakuja kulichukua kesho, hila yake niliitambua palepale. Ili asipate nafasi ya kuniharakisha kesho, nililipa leo.

7. Mlisema nilinganishe namba ya chasisi na ya kwenye hati. Nililinganisha, tarakimu kwa tarakimu, zikawa sawasawa kabisa. Picha ya chasisi niliyotumiwa ilikuwa picha ya hati.

8. Mlisema nisipokee gari kabla ya kulijaribu. Hapa nilicheka, maana ni sawa na kumfundisha samaki kuogelea. Gari lilikuja limepanda lori, na dereva wa lori ni mmoja wa wale wanaotuletea mizigo bohari. Aliponitambua alikaa chini, barabarani, akashika mbavu. "Fungua Tuone! Haya mzee, fungua basi tuone!" Majirani wakatoka. Nikashika mlango wa upande mweupe, haukufunguka. Nilisaini hati yake haraka haraka ili aondoke. Miaka kumi na tisa sijawahi kusaini kitu kabla ya kukifungua, na siku niliyosaini ni hiyo.

Alipoondoka niliingilia upande wa pili, nikaliwasha. Liliwaka, nisiwe mnafiki. Nikatia gia ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ikatoa mlio wa vijiko vilivyomwagwa. Nikajaribu ya kurudi nyuma, likaondoka mbio kama limeitwa kwa jina lake. Ndiyo gia pekee iliyo hai. Watu wa mtaani wanasema nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Si kweli. Mbuzi, ukimtoa kwenye gunia, anatembea mbele.

Mama alikuwa ameshavaa nguo yake ya kutokea, mkoba mkononi. Akalizunguka gari lote, bluu, halafu nyeupe. Akasema, "Mwanangu, umenunua magari mawili?" Akaingia ndani, akauning'iniza mkoba nyuma ya mlango. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Jioni ile alinipakulia chakula na hakuuliza macho ya mtu yeyote.

Kwa sababu hizo, Ndugu Mhariri, nadai kwa heshima zote:

Kwanza, gazeti liniombe radhi, ukurasa wa mbele. Pili, mwandishi wa makala ile aje mwenyewe alisukume gari nyumba ishirini na mbili kwenda mbele, mama yangu akiwa ndani. Tatu, akishindwa peke yake, aje na wenzake wote wa chumba cha habari, na wewe ukiwemo, na viatu vya kazi. Nne, mama akiamuru mgeuze, msigeuze. Tano, mkishindwa yote hayo, gazeti liihimize serikali iuinue upande wetu wa mtaa kiasi cha mita kumi, ili njia ya kwa mama mdogo iwe mteremko, kwa kuwa video ninayo, na inathibitisha kwamba kwenye mteremko gari langu halina mpinzani.

Nakiri kwamba ujinga ulionunua gari ni wangu. Lakini ujinga wangu ulikuwa umelala kwa amani miaka kumi na tisa, mkauamsha nyinyi.

Nisalimie mwandishi wa makala, wapiga chapa, anayewachemshia chai, na mlinzi wa getini ambaye huenda siku moja akanizuia. Na kama yule muuzaji ni msomaji wenu, mwambieni mimi mzima, na mwalimu aliyekuwa analitaka bado anaweza kuja.

Wako katika kutoamini,

Mpokea Mizigo (Fungua Tuone)

N.B. Barua hii ilikaa mfukoni siku tano kwa sababu zifuatazo.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nalirudisha gari nyuma, nalizungusha uani angalau betri isife, mama akinitazama dirishani. Mara akatoka. Akaniuliza, hili likienda, aliyekaa kiti cha nyuma anatazama wapi? Nikamwambia, anatazama anakotoka. Akafikiri. Akauliza tena, yaani likienda kwa yule, uso wangu utakuwa umeelekea huku nyumbani kwangu? Nikasema, ndiyo mama. Akaenda kuchukua mkoba, akafungua mwenyewe mlango wa upande wa bluu. "Twende. Niliapa uso, sikuapa kisogo."

Fundi majokofu alitangulia akipunga taulo ili watu watupishe. Nyumba ishirini na mbili kinyumenyume! Shingo yangu mpaka leo inatazama begani. Kona ya duka la dawa tuliipita, mama hakuamuru kitu. Tulipoingia uani kwa mama mdogo, kikabaki kiapo cha miguu. Tukafungua kamba ya katani, tukamkalisha mama kwenye kiti cha plastiki, mimi huku fundi kule, tukambeba tukamweka mbele ya nyumba, mgongo kwenye mlango, miguu juu ya mkoba.

Mama mdogo akatoka akipapasa ukuta. Akamzunguka dada yake polepole, akaja kusimama mbele yake. Kisha mama mdogo akageukia gari lililokuwa nyuma yake, akasema, "Gari zuri. Ila mwanao hana akili, kununua gari jeupe na vumbi lote hili."

Nilifungua mdomo nimsahihishe kwamba ni la bluu, maana picha zote ishirini na nne ni za bluu. Ndipo nikaona aliposimama. Alikuwa anaangalia upande wa kulia. Mama akamshika mikono yote miwili, akasema, "Unaona! We mtoto, unaona!" Wakalia wote wawili, na fundi majokofu akalia kwenye taulo lake.

Mama hajarudi. Anasema tukirudi kinyumenyume, uso wake njia nzima utakuwa umeelekea mlango wa mdogo wake, na kiapo ni kiapo. Leo ni siku ya tatu. Wanapikia sufuria ileile, wameifunika kwa sahani. Nimewaambia kuna fundi wa magari, wa kweli safari hii, anaweza kuzifufua gia za mbele. Wamejibu kwa pamoja kwamba atakayeligusa gari lao, wataapa upya.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, barua hii msiichapishe. Lakini mkipata nafasi ndogo pembeni, wekeni picha moja ya gari. Ya upande wa kulia, tafadhali.