Ombi la Kusifiwa Ili Niondoke

Kwako Matroni mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka ghorofa moja chini yako. Mimi ni yule muuguzi wa wodi ya upasuaji, upande wa wanaume, ambaye bado unaniita "wewe mpya". Najua hatujazoeana, lakini nakuomba kwa heshima zote unisifu sana kwa watu wengine, ili niweze kukukimbia.

Nilipokuwa sina kazi niliomba kila mahali, na hakuna aliyenijibu ila ninyi. Siku niliyovaa sare yenu, simu ikaanza kuita. Hospitali mpya ya vioo, ile ambayo lifti zake zinaongea, imeshanifanyia usaili na inataka jibu Ijumaa. Kabla ya hapo watakupigia wewe, mkuu wangu wa kazi, kuulizia tabia zangu. Mama anasema niende, kwani ngoja ngoja huumiza matumbo. Baba mdogo anasema mshika mawili moja humponyoka. Wote wawili wananipigia nikiwa na sindano mkononi.

Ningeshaondoka zamani, Matroni, ila wodi yako inanizuia kwa makusudi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi mlinipa jembe kabla sijakaa. Nilionyeshwa kabati la shuka, nikaambiwa ufunguo haujulikani ulipo, kisha nikaachiwa wodi. Sasa naijua wodi nzima, mpaka kitanda kinacholia mgonjwa akigeuka. Naomba iandikwe kwenye faili langu kwamba ujuzi huu nilipewa bila ridhaa yangu.

2. Muuguzi mkubwa wa zamu, huyu tunayemwita Komandoo, amenitengea kikombe. Hakuniuliza. Mtu akishatengewa kikombe kazini, akihama anaonekana msaliti.

3. Usaili wenyewe mmeuharibu ninyi. Nilikwenda moja kwa moja kutoka zamu, nikakuta wasaili watatu na maji ya chupa. Wakaniomba nijieleze kwa ufupi. Kwa kuwa hapa mmenizoesha kukabidhi zamu kitanda kwa kitanda, nikaanza: kitanda cha kwanza amelala vizuri, cha pili anasubiri damu, cha tatu amegombana na shemeji yake na presha imepanda. Nilifika cha saba ndipo nikagundua niko wapi. Mwenyekiti, badala ya kunifukuza, akaniuliza huyo wa saba anaendeleaje. Nikamweleza, na ninaogopa ndiyo maana wamenipenda.

4. Huyo wa saba. Ni dereva wa lori mstaafu, amepasuliwa utumbo, na kama unavyojua haruhusiwi kula mpaka ajambe, ndipo tujue utumbo umeamka. Wodi nzima inasubiri. Tatizo ni kwamba mzee ameamua nitaolewa na mwanawe, hivyo ananiita mkwe, na mambo ya aina hiyo hayasemwi mbele ya mkwe. Nikimuuliza kama ametoa upepo, anageukia ukutani na kuniuliza habari za wazazi. Nikamtuma Komandoo aulize. Mzee akasema yule naye ni shangazi wa mkwe. Nimewaomba majirani zake wa vitanda vya pembeni wasikilize, nao wamesinzia. Tumbo limevimba. Daktari amesema hali ikibaki hivi, Ijumaa atarudishwa chumba cha upasuaji, na mimi naogopa, Matroni. Naogopa kwelikweli. Sidhani mzee huyu ataweza kisu cha pili. Hospitali ya vioo haijawahi kunitisha hivi, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

5. Kwa hiyo naomba: Komandoo achukue kikombe chake. Mzee atangaze rasmi kuvunja uchumba wa mwanawe, ambaye sijawahi kumwona hata kwa picha. Wagonjwa wote waache kuniuliza kama kesho nipo. Na wewe, wakikupigia, sema mimi ni hodari, mtulivu, nawahi kazini na sibishani na madaktari. Hilo la mwisho liseme harakaharaka.

Nisalimie daktari wa zamu, wafuaji, mama wa mapokezi na wote wa ghorofa ya juu, hasa wale wanaojua kutabasamu.

Ni mimi, wako kwa muda mfupi uliobaki,

Mpya wa Wodi ya Upasuaji

Tanbihi: Nilikuwa natafuta bahasha, Komandoo akaniita. Mzee amejamba, mchana kweupe, mbele ya wageni wake wote, na wodi imepiga makofi. Amemwapisha kila mmoja asiniambie. Nimemnywesha chai ya rangi kijiko kwa kijiko, mimi naye tukazungumzia habari za wazazi. Kisha nikaingia stoo nikalia.

Hospitali ya vioo wakikupigia, tafadhali waambie mimi ni mvivu, mchelewaji na nina mdomo. Usinionee haya. Kitanda cha nne ameingia mgonjwa asubuhi hii, anapasuliwa Jumatatu, na amekataa kumwambia mtu yeyote kwamba anaogopa. Ameniambia mimi tu.