Mchezo wa Aliya Hauna Hata Maelekezo

Jumatatu, 6 Oktoba

Hatimaye! Direktrisi wa shule yetu, Madamu Generoza, ametangaza mbele ya walimu wote. Siku ya wazazi, Ijumaa ya wiki ijayo, kutakuwa na mashindano katika chumba cha kompyuta. Michezo miwili midogo, ya kufunguka kwenye kivinjari bila kupakua chochote, iliyotengenezwa na walimu wa hapa hapa Rumonge. Mwenye mchezo utakaowashika wageni zaidi atakuwa msimamizi wa chumba. Funguo. Mashine kumi na moja. Kiti chenye magurudumu!

Chumba hicho ni changu kwa haki. Nafundisha hisabati mwaka wa kumi na mbili huu. Mpinzani wangu ni Aliya wa Kiswahili, binti wa Mzee Waziri mtengeneza sabuni. Miaka ishirini na sita. Alijifunza kutengeneza michezo kwenye simu. Simu! Nimemwonea huruma. Kidogo.

Jumanne, 7 Oktoba

Mchezo wangu unaitwa Himaya ya Tanganyika. Mchezaji anapeleka mawese kwa boti kutoka Nyanza-Lac mpaka Muhuta. Kuna mawimbi, mamba, ushuru, na soko ambalo bei zake hupanda na kushuka kwa mlinganyo nilioubuni mwenyewe. Maelekezo: kurasa kumi na nne. Kabla ya kuanza, mchezaji anajiandikisha. Jina, jina la baba, kilima, yaani kijiji, alikozaliwa, na neno la siri lenye herufi, namba na alama. Heshima lazima iwepo.

Nimemjaribisha mke wangu, Eliana. Alifika ukurasa wa tatu, akauliza boti iko wapi. Nikamweleza kwamba boti inatokea ukurasa wa kumi na moja. Akasema maharage yanaungua.

Hatukuwa na maharage jikoni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeuona mchezo wa Aliya. Machikichi yanaanguka kutoka juu ya mti. Chini kuna kikapu. Unakisogeza kushoto, unakisogeza kulia. Likikuponyoka moja, kwisha. Basi!

Hakuna kujiandikisha. Hakuna hata mstari mmoja wa maelekezo. Unabonyeza, unaanza. Unakosa, unabonyeza, unaanza tena. Nilimuuliza, kwa nia njema kabisa, mti ni wa nani na kikapu kinapelekwa wapi. Akanijibu kwa upole: “Mwalimu, mutu akiona kikapu na chikichi, anajua la kufanya.”

Nikaketi nitafute kasoro. Zamu moja tu. Nilipata alama saba. Zamu ya pili ilikuwa ya kuhakikisha. Ya tatu sikumbuki ilikuwa ya nini. Mara kiongozi wa darasa la nane akasimama mlangoni na kuniambia kwamba saa yangu ya hisabati ilikuwa imekwisha. Nilicheza mara arobaini na moja! Alama zangu za juu: ishirini na mbili.

Juu ya orodha kuna WAZIRI, 640. Baba yake! Aliya anasema mzee hakukosa, alisinzia. Machikichi yanaanguka kwa mwendo ule ule mwanzo mpaka mwisho, na akishayazoea yanambembeleza.

Nimeiandika kasoro hiyo. Sikumwambia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nilimuuliza Direktrisi “kushika” kutapimwaje. Akasema ataandika mgeni ameketi saa ngapi na ameondoka saa ngapi. Dakika, kumbe! Mambo rahisi.

Nimeondoa kitufe cha kutokea. Boti ikizama, mchezaji anarudi kwenye kujiandikisha. Na kabla ya kurudi anasikiliza ngoma ya dakika mbili ambayo haiwezi kurukwa.

Nimemjaribisha Eliana tena. Mamba alimla kwenye wimbi la kwanza. Ngoma ikaanza. Akauliza kwa nini alazimishwe kuhudhuria mazishi yake mwenyewe. Nikamwambia avumilie, imebaki dakika moja na nusu. Akaufunga mfuniko wa kompyuta, pap, akaenda zake sokoni.

Mfuniko! Njia hiyo sikuifikiria.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikukuu, shule imefungwa. Nilimwambia Nasiri, mlinzi, kwamba nakuja kuua virusi vya mashine. Akanifungulia na kunitakia ushindi.

Nimefungua faili la mchezo wa Aliya. Mwendo wa machikichi ni mstari mmoja tu. Nimeongeza mwingine: kila yakidakwa kumi, yanayofuata yanaanguka haraka zaidi. Wageni watakosa, watakasirika, watainuka. Dakika zao zitakuwa chache, zangu zitakuwa nyingi.

Dhamiri ilinisumbua kidogo nikiwa kwenye ngazi. Nilipofika getini ilikuwa imepona.

Ijumaa, 17 Oktoba

Siku ya wazazi imepita.

Ilianza vizuri. Mashine tano mchezo wangu, tano wake, moja mbovu. Mama Joanita, muuza samaki wa mukeke, aliketi kwangu. Dakika ishirini na sita! Kumi na tisa kati ya hizo zilikuwa za neno la siri. Aliandika jina la mumewe, mashine ikakataa. Akaongeza namba, ikakataa. Nikamwambia inataka alama. Akafanya ishara ya msalaba.

Upande wa Aliya, kelele! Nikafurahi. Hasira hizo, nikajua. Nikageuka nikaona watu wanacheka. Mtu anakosa kwenye ishirini na tatu, anapiga paja, anabonyeza tena. Direktrisi mwenyewe alivua viatu. Mzee Waziri aliangushwa kwenye thelathini na nane, akaruka kutoka kitini. “Sasa hii iko jeu, mchezo wa kweli! Ile ya mbele ilikuwa inanilalisha!” Foleni ikafika mlangoni.

Mama Joanita akaniuliza anatokaje. Nikamweleza kwamba kitufe cha kutokea hakuna. Akainuka, akatokea kwa miguu yake, akaenda kupanga foleni kule.

Saa tano Direktrisi akakunja karatasi yake ya dakika. Akasema amebadili mawazo: atahesabu waliorudi kucheza mara ya pili. Kwangu, sifuri. Kwa Aliya, alichoka kuhesabu. Akamsifu mbele ya wazazi wote, hasa kwa jinsi mwendo unavyoongezeka kidogo kidogo, hata mtu akikosa haulaumu mchezo, anajilaumu mwenyewe na kutaka arudie.

Aliya akasimama. Uso umemshuka. Akasema hawezi kupokea sifa hiyo kwa sababu hakuuweka mwendo huo yeye, na hajui nani ameuweka.

Ningekaa. Mtu yeyote mwenye akili angekaa. Lakini sifa ilikuwa inaelea pale hewani, haina mwenyewe! Nikasimama, kifua mbele: “Ni mimi!”

Zilipita kama sekunde mbili kabla sijaelewa nimekiri nini. Nasiri akasaidia kutoka mlangoni: ndiyo, Mwalimu alikuja siku ya sikukuu, alisema anaua virusi.

Aliya hakupiga kelele. Aliniuliza kama ningependa mtu afungue faili langu namna hiyo. Nilitazama viatu vya Direktrisi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Aliya ndiye msimamizi. Mimi siingii chumbani bila ruhusa yake. Eliana anasema maisha yangu yote nimetengeneza kitu kimoja kilichopendwa na watu, na nilikitengeneza nikiwa na nia ya kuwaudhi. Maneno hayo nimeyakuta yananifuata mpaka bafuni.

Nikaenda kwa kina Aliya kuomba radhi. Mzee Waziri alikuwa anakoroga sabuni kwenye pipa. Hakunikaribisha kuketi. Alikoroga weee. Nikamwambia nimekuja kwa binti yake, nimekosa, na sina la kujitetea. Akakoroga tena. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, mtu anapitaje arobaini. Nikamwonyesha kwa vidole: usikimbize chikichi, ngojea linapoangukia. Tukakaa hapo kama saa nzima.

Aliya alitoka na chai. Akasema yameisha, Mwalimu, ila siku nyingine uniulize. Nilipokea kikombe kwa mikono miwili.

Jumatatu, 20 Oktoba

Aliya ameniita chumbani! Kikapu cha mchezo wake kina rangi ya udongo, na kwenye mashine iliyo karibu na dirisha hakionekani vizuri. Ameniomba nikibadili kiwe cha manjano. Akarudia mara mbili: rangi tu, Mwalimu. Akaenda darasani, akaniachia mashine.

Imani hiyo imenigusa sana. Mtu akikuamini hivyo, huwezi kumfanyia kazi ya nusu nusu. Nimebadili rangi. Kisha nimeweka utangulizi kuhusu historia ya zao la mchikichi, kurasa sita tu. Nimeweka swali la hisabati kila mtu akikosa, ili asirudie bila kufikiri. Nimeweka upepo unaovuma kutoka upande wa Kizuka. Nimeweka mbuzi.

Aliomba kitu kimoja. Nimempa kumi na saba. Anakuja sasa hivi, nasikia hatua zake kwenye ngazi, na sijawahi kuwa na hamu hivi ya kuona mtu akifurahi.