Vidole Kumi vya Delbert Crouse

Njooni, enyi wana wa Harrow Creek na enyi mliotoka mbali. Wekeni chini vikombe, zimeni televisheni hata kama mpira haujaisha, mkae kimya niwasimulie habari za Delbert mwana wa Crouse, Nyundo ya Watoro, Kitisho cha Kaunti Tatu, aliyeisaka leseni ya kukamata watoro kwa miezi mitano, akapigana na serikali nzima ya jimbo, na akaishinda kwa ncha za vidole vyake! Wako waliosimulia vita vya wafalme. Mimi ni kinyozi, nami nasimulia nilichokiona dirishani kwangu.

Tena nina haki ya kusimulia kuliko wengi, maana kabla hajawa shujaa, Delbert alikuwa mwanafunzi wangu kwa siku tisa. Siku ya tisa alimnyoa mzee Tolliver upande mmoja wa kichwa, akasema anatoka kidogo kununua kahawa, na hiyo kahawa mpaka leo hajarudi nayo. Ndivyo alivyoumbwa. Banda lake limeezekwa mabati nusu na turubai nusu. Kwenye gitaa anajua wimbo mmoja, mpaka katikati. Kazi pekee aliyodumu nayo ni kujenga kuta za matofali, na hiyo ni kwa sababu bosi wake alikuwa shemeji yake, aliyekuja kila asubuhi kumtoa kitandani.

Basi ikawa, katika mwaka ule daraja la mto lilipofungwa kwa matengenezo, mwezi wa sita, Delbert aliutupa mwiko wake chini mbele ya mashahidi, akatangaza kwamba amezaliwa kuwinda wanadamu. Mama mkwe wake, Bi Ernestine Pruett, ana ofisi ya dhamana ng'ambo ya barabara kutoka kwangu. Yeye huwatoa watu mahabusu kwa kuwawekea dhamana, na mtu akiikimbia kesi, humtuma mkamataji akamrudishe. Ukutani ana ubao wa mwaloni wenye urefu wa mlango, na juu yake ameandika kwa rangi nyeupe jina la kila mtoro aliyerudishwa tangu enzi za marehemu mumewe, na upande wa kulia jina la aliyemleta. Watu wa hapa huusoma ubao ule kwa heshima, wengine hata huvua kofia. Delbert alilitamani jina lake upande ule wa kulia kama mlevi anavyoitamani Jumamosi.

"Sikiliza, Mama," alimwambia Bi Ernestine, mguu mmoja juu ya kiti, "watoro wa kaunti hii wamelala usingizi mtamu muda mrefu mno. Nitawafuata mabondeni, nitawafuata vilimani, hawatapata pa kuegesha gari wala pa kulaza ubavu!"

"Toa mguu kwenye kiti changu," akasema Bi Ernestine. "Huna leseni. Bila leseni wewe ni mtu aliyevaa viatu vikubwa tu. Nenda kasome, ufanye mtihani, upigwe alama za vidole, wakuchunguze. Ukija na kadi mkononi, tutaongea."

Lakini aliyesema neno zito ni Lorna, mkewe. Alilisema mlangoni kwangu, wala hakupaza sauti. "Delbert, mimi sikuombi uwe simba. Nakuomba umalize kitu kimoja. Kimoja tu, nikione kwa macho yangu. Ikifika Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, bado uko katikati, mimi na masanduku yangu tutakuwa kwa mama, na wewe utabaki na banda lako la nusu."

Sisi tuliokuwa ndani tuliangalia sakafu. Delbert aliangalia viatu vyake vipya.

Hapo shujaa akajifunga silaha. Alinunua fulana ya kuzuia risasi, ambayo haikukutana kifuani. Alinunua tochi ndefu kama mkono wa mtu. Na juu ya yote alinunua beji ya shaba yenye umbo la nyota, ambayo sheria inamkataza kuivaa asiye na leseni. Kwa hiyo akaiweka katika kidroo cha pikapu yake, juu ya makaratasi ya miaka yote ambayo hakuwahi kuyasoma, na kila alasiri alikaa nyuma ya usukani, mbele ya dirisha langu, akiing'arisha. Nimeona watu wakipenda mbwa. Sijaona mtu akipenda kipande cha shaba kiasi kile.

Mafunzo yalikuwa ya siku tano katika ukumbi wa wazimamoto wa kujitolea. Siku nne zilikuwa za sheria: mlango upi unaruhusiwa kuubisha, nani aarifiwe kabla hujaubisha, na utafanya nini ukigundua umemkamata asiye mwenyewe. Katika siku hizo nne Nyundo ya Watoro alilala, na wenzake wanashuhudia kwamba alikoroma kwa ushujaa. Siku ya tano zikatolewa pingu. Shujaa akaamka, akazinyakua, na kabla mwalimu hajamaliza sentensi alikuwa amejifunga mwenyewe kwenye bomba la maji, na ufunguo uko kwenye suruali yake nyingine. Wazimamoto walimkata kwa msumeno. Mtihani aliufaulu mara ya pili, kwa swali moja, nami nina hakika swali lile lilimhurumia.

Sasa tegeni sikio, maana tumefika kwenye vita vyenyewe.

Katika ofisi ya sherifu kuna mwanamke aitwaye Opal Fenner, aliyevingirisha vidole vya kaunti hii kwenye wino kwa miaka thelathini. Amevishika vidole vya wezi, vya walimu wa shule na vya wachungaji watatu. Delbert alimwendea kifua mbele, akatandaza mikono mezani. "Mama Opal, tazama mikono itakayosafisha nchi hii!"

"Kwanza yenyewe ni michafu," akasema Opal. "Nawa. Haya, legeza. Nimesema legeza. Anayevingirisha ni mimi, siyo wewe. Delbert, usinisaidie!"

Lakini shujaa hajui kulegea. Alikandamiza kila kidole kana kwamba anamsaga adui. Kadi ikatumwa makao makuu ya jimbo, na baada ya wiki sita ikarudi na neno moja jekundu: Hazisomeki.

Opal alimgeuza viganja mbele ya taa. "Ni matofali. Miaka kumi na mbili ya saruji na chokaa imekula mistari yote. Huna alama, mwanangu. Kwa serikali, wewe hujazaliwa. Nenda nyumbani, usishike kitu kikali, uje baada ya wiki tatu."

Mtu mwingine angekwenda akatulia. Huyu alirudi kwenye pikapu, na kwa kuwa moyo wake ulikuwa mzito, akautuliza kwa kuing'arisha beji, kwa dawa ya shaba na kipande cha msasa laini, kutwa, wiki tatu mfululizo. Beji iliwaka hata ikaniumiza macho nikiwa na wembe shingoni mwa mtu. Na kila alipoisugua beji, alijisugua vidole. Kadi ya pili ikarudi mwezi wa kumi: Hazisomeki.

"Ulikuwa unashika nini?" akauliza Opal. Alipoambiwa, aliweka kichwa mezani, akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Miaka thelathini! Nimeona wahalifu wanaojichoma vidole wasijulikane. Wewe umejifuta mwenyewe kwa beji! Kadi moja zaidi, Delbert. Ukifuzu, ufuzu kabla ya Sikukuu ya Shukrani, maana nasikia Lorna ameshateremsha masanduku darini."

Lo! Hapo ndipo Kitisho cha Kaunti Tatu kilipoingia katika mateso ambayo hakuna jemadari aliyewahi kuyapata. Asubuhi alipakwa losheni ya watoto wachanga. Mchana alipakwa mafuta ya kukamulia ng'ombe. Mikono yake ikavikwa soksi, soksi nyeupe za michezo zenye mistari ya bluu, na soksi hizo hazikuvuliwa ila kwa kupakwa tena. Lorna alimfunga vifungo. Lorna alimkatia nyama. Kwenye karamu ya kambare kanisani alikaa kama mtoto, akifungua mdomo alishwe, huku wanaume waliosikia majigambo yake wakipita na sahani na kumuuliza kama simba ameshiba. Mimi nilikuwa mmoja wao, na sioni haya.

Lakini nitasema na hili, ingawa halinifurahishi. Siku ya kumi alipita kwangu, soksi mikononi, akasukuma mlango kwa bega. Nilidhani amekuja kuhutubia. Akauliza, kwa sauti ndogo, "Hivi mzee Tolliver bado ana hasira na mimi?" Nikamwambia mzee Tolliver alikufa miaka miwili iliyopita. Akasema, "Nilikuwa nakusudia kurudi." Kisha akaenda zake. Ile siku nilikuwa na wateja wengi.

Siku ya ishirini na moja Opal alimvua soksi, moja, na ya pili. Vidole vilitoka laini, vyekundu, kama vya mtu mwingine kabisa. "Legeza," akasema. Na shujaa, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akalegea. Gumba likavingirika. Cha shahada kikafuata. Walipofika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kidogo, ofisi nzima ilikuwa imesimama. Hata mahabusu mmoja aliyekuwa akisubiri kuandikishwa alinyoosha shingo. Opal akainua kadi kwenye mwanga. Mistari ilikuwa pale, kumi kwa kumi, imejipinda vizuri.

"Unasomeka," akasema Opal.

Delbert akalia. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimefunga duka kwenda kushuhudia, na nilipiga makofi pia, ili nisiwe peke yangu.

Kadi ikaenda. Safari hii serikali ikamsoma. Na ilipomsoma, ikalifungua faili lake lililokuwa limekwama tangu kiangazi, ikaanza kumchunguza jina, na wiki moja kabla ya Sikukuu ya Shukrani likaja jibu. Bi Ernestine alilisoma kwa sauti mbele ya Delbert na Lorna, mlango wa ofisi yake ukiwa wazi, nami nikavuka barabara na taulo begani. Vidole safi. Mtihani umefaulu. Lakini mwombaji ana hati ya kukamatwa katika kaunti jirani ya Tallis: miaka sita iliyopita alikutwa akivua samaki bila leseni, akaitwa mbele ya hakimu, hakutokea.

Delbert alitoka nje hadi kwenye pikapu, akafungua kidroo, akaiinua beji, akachimba chini yake. Karatasi ya wito ilikuwepo pale pale, haijakunjuliwa, akarudi nayo ndani.

"Nilikuwa nakusudia kwenda," akasema. "Siku ile kulikuwa na mnada wa matrekta."

Lorna alimtazama mama yake, na mama yake akavuta kiti, ambacho safari hii hakikuwa na mguu wa mtu, akakaa.

"Delbert," akasema Bi Ernestine, "nina kazi yako ya kwanza. Kuna mtoro. Mwanaume, miaka thelathini na nane, mzito kidogo. Amekosa kutokea mahakamani. Nimeambiwa analala nyumbani kwa binti yangu. Namtaka Tallis kesho saa tatu asubuhi."

"Lakini, Mama, sina leseni."

"Kazi hii haihitaji leseni. Kila mtu ana ruhusa ya kujileta."

Na kesho yake, enyi wasikilizaji, jua likiwa limetoka tu, Delbert mwana wa Crouse alivaa ile fulana isiyokutana, akashika tochi mchana kweupe, akamkamata Delbert mwana wa Crouse jikoni, mbele ya sahani ya mayai. Mtoro hakupinga. Aliendeshwa maili arobaini bila pingu, Lorna akiwa pembeni kuhakikisha hakuna anayekwenda kununua kahawa. Karani wa Tallis aliuliza, "Nani kamleta huyu?" na shujaa akajibu, "Mimi." Hakimu alimwamuru aokote takataka ziwani Jumamosi moja. Aliokota. Lorna alikaa kwenye pikapu akimhesabia mifuko, na alipofunga wa mwisho, alishuka, akautikisa kuona kama kweli umejaa.

"Umemaliza," akamwambia. Usiku ule masanduku yalirudi darini.

Kadi ya leseni ilifika Jumatano, mkesha wa Sikukuu ya Shukrani, na picha ambayo amefumba macho. Bi Ernestine hakutoa hotuba. Alipanda ngazi, akafungua kopo la rangi nyeupe, akaandika chini kabisa ya ubao wa mwaloni, kushoto: Crouse, D. Na kulia, mahali palipotamaniwa: Crouse, D. Mji mzima ukashangilia, kengele ya wazimamoto ikapigwa, na yule aliyempelekea kahawa ya pongezi, msiniulize kwa nini, ni mimi.

Basi iandikwe, isomwe na vizazi: mtoro mmoja, mkamataji mmoja, pikapu moja, wala damu haikumwagika. Huu ni mwaka wa nne. Beji anaivaa kila siku. Na chini ya mstari ule, upande wa kulia wa ubao, jina lake halijaandikwa tena.