Kiti Chini ya Mfenesi

Jumatatu, 13 Januari 1975

Balaa! Loice anarudi Bungoma. Kaka yake ameagiza: Kampala ya siku hizi si mahali pa dada yake, apande basi la Jumanne ijayo, yeye na cherehani yake. Aliniambia akiwa amenizungushia tepu kiunoni, maana ananishonea suruali. Nikajibu vizuri, amsalimie mama. Vizuri! Mpumbavu gani husema vizuri?

Miaka miwili nimeshindwa kumwambia neno moja. Lakini karani wa ghala kama mimi hakosi akili. Nimepata mpango. Kwetu Wabukusu, mwanamke akipika kuku, firigisi humpa mwanamume anayemhesabu kuwa wake. Akinipa mimi mbele ya watu, kwisha! Hapandi basi tena. Kinachotakiwa ni kuku, mashahidi na bustani.

Jumanne, 14 Januari

Nimekwenda Naguru kwa rafiki yangu Ongom, koplo wa polisi. Nyuma ya nyumba yake kuna majani mazuri na mfenesi wenye kivuli. Nikaomba tule huko mchana Jumapili, tumuage Loice. Ongom akauliza watu watakuwa wangapi, maana siku hizi watu wakikaa pamoja huulizwa wanapanga nini. Nikamwambia tunapanga kula.

Joska mkewe akaniuliza kwa nini nisimwulize Loice moja kwa moja kama angependa kubaki nami. Kumwuliza! Shemeji ana moyo mzuri, ila mambo ya mikakati hayawezi.

Alhamisi, 16 Januari

Pigo juu ya pigo. Nilinunua jogoo soko la Nakawa, akachomoka mikononi, akapotelea kwenye mafungu ya matoke. Nusu ya soko ilimkimbiza. Nusu nyingine ilicheka.

Na Erinayo amealikwa! Erinayo wa duka la viatu kule Nakivubo, mwenye gari na meno meupe, anayempelekea Loice nguo zake zote zishonwe, hata zisizochanika. Joska anasema ni kwa sababu ataleta sukari. Nani mwingine ana sukari mji huu? Analeta na jogoo pia. Aliyeleta jogoo hutazamia firigisi. Sili vizuri tangu nisikie.

Jumamosi, 18 Januari

Nimekwenda kukagua bustani. Mungu ni mwema. Tawini kuna fenesi moja, kubwa kama mtoto wa miaka mitatu, limeiva hadi linanukia. Ongom alitaka kuliangua. Nikamsihi aliache, linapendezesha mahali.

Chini yake hasa nimeweka kiti cha Erinayo, kile chenye mto. Sitaki afe. Nataka tu aende nyumbani mapema na utomvu kwenye nywele. Pia nimeagiza bia ya magendo kwa mlanguzi mmoja, Oloya. Ataileta kwa gari saa saba.

Jumapili, 19 Januari

Niandike pole pole. 

Loice alikuja na gauni la manjano. Akakagua viti vyote, akaenda moja kwa moja kukalia kile chenye mto. Fenesi juu yake! Nikakimbia, nikamwambia mgongo wangu unakipenda sana kiti hicho. Akanitazama kama mtu asiye na adabu, akanipisha. Kwa hiyo nikakaa mimi. Nimekula chakula chote macho juu. Erinayo akauliza kama nasali.

Lakini chakula! Matoke laini, mboga ya malakwang ya Joska yenye uchachu wake na karanga, na kuku wa Loice. Hakuna aliyekuwa na haraka. Ongom, ambaye hakai akiupa lango mgongo, alilegeza mkanda akatusimulia alivyofukuzwa na nyuki utotoni, hadi Joska akalia kwa kucheka. Erinayo alitia sukari kwenye chai ya kila mtu, na yake akainywa bila sukari, akidai ndivyo aipendavyo. Nikazidi kumchukia. Niliwatazama wote, nikafikiri Jumanne Loice hatakuwepo. Firigisi sikuiona kwenye sahani ya mtu yeyote.

Saa nane gari likasimama langoni.  Ongom akaweka kikombe chini, taratibu sana. Mimi nikafurahi: Oloya, hatimaye! Nikatoka mbio huku nikifoka kwamba amechelewa, hivyo ndivyo anavyofanya kazi?

Hakuwa Oloya. Wanaume watatu wa usalama, miwani nyeusi. Mdomo ulikuwa umeshika kasi, ukamalizia peke yake kuuliza kreti ziko wapi.

Mmoja akasema, "Nyinyi nafanya mukutano gani hapa?"

Nikasema tunakula, mzee. Nikainama kuwasalimu, nikasikia suruali mpya ikichanika.

Hapo nyuma yangu: puu!

Fenesi. Kiti changu kilivunjika vipande. Ila bustanini hakuna aliyefikiria fenesi, walidhani ni risasi. Nilipogeuka wote walikuwa chini: Erinayo chini ya meza, Ongom juu ya Joska akimfunika. Wote isipokuwa Loice. Loice alikuwa anakimbia kuja langoni, peku, akiita jina langu.

Wale watu wakatazama mabaki ya kiti, wakamtazama Erinayo akichungulia na matoke kichwani. Wakacheka mpaka mmoja akavua miwani afute macho. Akasema, "Kula fenesi yenu." Wakaondoka.

 Kisha Ongom akaenda kuleta kisu, tukala fenesi. Utomvu ukatunasa vidole, na sabuni hakuna. Loice akachukua mafuta ya kupikia akanisafisha kidole kimoja kimoja, bila kunitazama. Alipomaliza akatoa kifurushi cha jani la mgomba, akakiweka kiganjani mwangu. Firigisi! Mbele ya mashahidi! Ilikuwa imepoa. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile. Nilitoa machozi, nikawaambia ni moshi. Nampenda mwanamke yule.

Jumatatu, 20 Januari

Ushindi! Loice hapandi basi. Joska anadai firigisi ilifungwa kwenye jani tangu asubuhi, kabla ya kiti, kabla ya gari. Anadai Loice hakuwa ametafuta hata nafasi ya basi, alikuwa anangoja tu aambiwe abaki. Wanawake hupenda kupunguza kazi ya mtu. Mipango yangu imefanya kazi, kila mmoja ameona.

Sasa imebaki kumposa. Nimemsihi Ongom asiguse mfenesi, kuna fenesi lingine linakomaa upande wa jikoni. Nitahitaji jogoo, gari, na Erinayo.

Jioni Loice alikuja kunipima upya, suruali ilichanika nilipokuwa langoni. Akamaliza kiuno, akabaki amesimama na tepu mkononi, akinitazama. Akauliza kama nina neno. Nilikuwa nalo, limefika kwenye ulimi. Nikamwambia kiuno kimekaa vizuri. Nusura niropoke nikaharibu mpango wote.