Malalamiko Kuhusu Mnara wa Dindira Kutokatika Tena

Ndugu Meneja wa Minara,

Baada ya salamu, mimi Mhina, mkulima wa chai hapa Dindira, naleta lawama. Mtandao wenu haukatiki tena.

Fundi wenu Dunstan alinieleza mwenyewe. Ndani ya lile dishi la mnarani kuna kipande cha nusu-kipitishi, kidogo kama punje ya mtama, kinachotetema mara bilioni kumi kila sekunde. Mawimbi ya simu yanatokea hapo. Cha zamani kikipigwa na ukungu kilibadili mwendo, simu zikakatika hadi jua litoke. Hiki kipya amekifunga na kijiwe cha kwatzi, kinachokirudisha kila kikitaka kutangatanga. Hongera zake. Sasa sikieni madhara:

1. Dada yangu Mashavu, aliyeko Kwamsisi kule Handeni, hunipigia kila siku saa moja asubuhi. Neno lake ni hilo hilo: niteremke nikapatane na ndugu yetu Hussein, tuliyekosana naye miaka minne sasa kwa ajili ya redio ya marehemu baba.

2. Kwa malezi yetu, mdogo hamkatii simu mkubwa wake. Zamani mnara ulinikatia, nami nikabaki mtoto mwema.

3. Jumatatu alinisema dakika hamsini na mbili. Halikuruka hata neno moja! Nilisikia mpaka anavyokohoa na kuvuta pumzi. Mtu mzima nikatokwa machozi mbele ya wachuma chai. Aibu hiyo mtaifidia kwa nini?

4. Nikisema "ukungu, dada," anacheka.

Kwa hiyo naomba kijiwe hicho king'olewe, au kilegezwe walau saa moja hadi saa tatu asubuhi. Mkishindwa, niandikieni barua yenye muhuri kuthibitisha kwamba simu ya Mhina haishiki mwaka mzima, nami nitamtumia dada.

Wasalimieni wote hapo ofisini. Dunstan mwambieni chai ipo.

Ni mimi niliyesumbuliwa na kazi yenu nzuri,
Mhina

N.B. Barua hii sijaituma, leo siku ya tatu, maana dada hajapiga. Nikipiga mimi, inaita tu. Wala Hussein hapokei. Nimepanda hadi chini ya mnara, mtandao umejaa. Nawaombeni sana, mtumeni Dunstan leo hii aukague. Mimi nateremka Kwamsisi sasa hivi. Anipigie njiani aniambie umeharibika.